Chumba cha Fundi Pindo

Fundi Pindo alishona miaka mingi kwenye baraza la duka la mtu mwingine. Jina hilo alipewa kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata suruali yenyewe ikichakaa. Upande wa pili wa meza alikaa mkewe, akitia vifungo na kupiga soga na wapita njia. Mke alipofariki, wapita njia waliendelea kusalimia. Lakini Pindo si mtu wa maneno. Alijibu salamu, akainamia cherehani, nao wakapita.

Basi akapanga chumba kwenye mtaa wa maduka. Zamani kilikuwa cha kinyozi. Kilikuwa kirefu, chenye giza huko ndani, na paa lilivuja kwenye kona ya nyuma. Karibu na mlango nyaya za umeme zilikuwa nje nje. Ukikohoa, chumba kilikurudishia kikohozi chako.

Akampigia simu mwanawe, anayefanya kazi mji mwingine. Kwa kawaida simu yao ilikuwa ya hujambo, sijambo, haya baba niko kazini. Safari hii kijana alichangamka. Alitaka ukuta wa mbele uvunjwe, pawekwe kioo kutoka juu hadi chini. Sakafu iwe ya vigae. Pawe na dari jipya lenye taa, na ukuta wa kutenga sehemu ya wateja. Walizungumza mpaka sikio la Pindo likapata joto.

Tangu hapo, kila alipowaza jambo jipya la chumba alipata sababu ya kupiga simu. Vigae vyeupe au vya kijivu? Kaunta ikae kulia au kushoto? Kila simu iliongeza kitu. Cherehani ilibaki imefunikwa shuka, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Msimu wa sare ndio unaomlisha fundi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Pesa alizokuwa nazo zilikuwa za vitambaa vya sare hizo. Kama zingeingia ukutani, angeshona hewa.

Duka la jirani lilikuwa la Mama Kopi, mwanamke wa makamo anayetoa fotokopi. Siku moja alipiga hodi, akamkuta fundi ujenzi akichora mistari ya chaki ukutani.

"Jirani, unajenga duka au ukumbi wa harusi?"

Pindo akajibu kwamba mwanawe amesema duka lazima lionekane duka.

"Anashona, huyo mwanao?"

"Hashoni."

"Basi aje akae humu yeye."

Fundi ujenzi akacheka. Pindo hakucheka. Mama Kopi akavuta ndoo ya rangi, akaigeuza, akaikalia. Akasimulia duka lake la kwanza. Alitandika vigae kabla ya kuziba paa, maji yakaingia, mashine ikaharibika. Na alipohama, vigae havikuhama naye. Hakuwa ameandikiana lolote na mwenye nyumba.

"Ukishona suti, unamaliza kabla mteja hajaijaribu?"

"Hapana. Napiga bandi kwanza, mishono ya muda. Anavaa, naona panapobana."

"Na chumba hiki umekipigia bandi?"

Pindo akaitazama ile mistari ya chaki. Mama Kopi akamweleza taratibu. Kinachoweza kudhuru mtu au mali kitangulie: paa na umeme. Kisha kile ambacho kazi haiendi bila hicho. Vya kupendeza macho vingoje, mpaka duka lenyewe liweze kuvilipia. Na kabla ya kugusa ukuta, amuulize mwenye nyumba, wapatane kwa maandishi nani anatengeneza nini.

"Najua," Pindo akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nikimaliza kupangilia chumba, nitampigia kumwambia nini?"

Mama Kopi akainuka, akairudisha ndoo mahali pake.

"Hilo, jirani, fundi ujenzi hawezi kukutengenezea."

Fundi ujenzi akaambiwa asubiri. Mwenye nyumba alinung'unika, lakini paa ni lake, akaliziba. Fundi umeme akazificha nyaya. Pindo mwenyewe akapaka kuta chokaa, akasogeza meza mlangoni kwenye mwanga, akafungua kazi. Kwa kufanya kazi ndipo alipokijua chumba. Ule ukuta wa kutenga ungemzibia mwanga wote. Wateja walihitaji mahali pa kujaribia nguo tu, na pazia kwenye kamba lilitosha. Vitambaa vilikaa vikavu kule nyuma.

Sare zikaja kwa mafungu. Wazazi waliingia, wakapimiwa watoto, wakatoka. Shule zilipofunguliwa, mtaa ulijaa marinda na kaptula alizoshona Pindo. Vitambaa vyote vilikuwa vimerudisha pesa zake na nyingine juu. Mchana huo hakukuwa na mteja. Chumba kilikuwa kimya.

Akachukua simu, akairudisha mezani, akaichukua tena.

"Baba? Kuna nini? Umeamua vigae?"

"Vigae sijaweka. Hata kioo sijaweka. Sare zimekwisha zote."

"Sasa, kuna tatizo gani?"

"Hakuna. Nimepiga tu."

Kwa mbali Pindo alisikia kelele za kazini kwake, kisha mlango ukifungwa, kelele zikapungua. Hapakuwa na vigae wala kaunta ya kuzungumzia. Lakini hakuna aliyekata simu.