Ubao wa Hesabu wa Siwema

Kila alasiri, akishaosha vyombo, Siwema alikimbilia karakana ya baba yake pale Ipogolo. Alikuwa akitengeneza ubao wa hesabu kwa ajili ya maonyesho ya shule: juu saa ya mbao, katikati shanga za kuhesabia, chini mizani ya makopo. Ubao ulikuwa mkubwa kama mlango, na mwenyewe alikwisha vimba kichwa.

“Mwanangu, tumia kulabu,” alisema baba yake, fundi Isihaka. “Kila kifaa kiweze kutoka peke yake.”

“Aa, baba! Nataka uwe kitu kimoja,” alijibu Siwema, akapigilia misumari. Wenzake walipokuja kutazama ili waige, aliufunika kwa gunia.

Wiki ile ile rafiki yake, Leokadia, aliteleza kwenye mawe ya mto akavunjika mguu. Mtihani ulikuwa umekaribia, na asiyefaulu angerudia darasa. Siwema alipokwenda kumpa pole, alimkuta amegeukia ukutani.

“Kugawanya kunanishinda,” alisema Leokadia huku machozi yakimlengalenga. “Mtaniacha, Siwema. Ningepata zile shanga zako tu, ningejifunza hapa hapa kitandani.”

Siwema alirudi mbio. Alijaribu kuuinua ubao, wapi! Alikaa chini akalia, maana aliupenda kweli. Kisha akachukua koleo.

“Baba, nisaidie kung'oa shanga.”

“Na maonyesho je?”

“Leokadia kwanza.”

Ubao ulipasuka vipande. Siwema alikwenda kwenye maonyesho mikono mitupu, na roho ilimuuma. Lakini shanga zilifika kwa Leokadia. Isakwisa, jirani yao, aliazima ile saa ya mbao, akachonga nyingine kama ile kwa ajili ya wadogo zake.

Leokadia alifaulu. Alikuja karakana akichechemea na fimbo, akazitoa shanga kwenye kikapu. Kila ya kumi ilikuwa imepakwa wino mwekundu.

“Usinikasirikie,” alisema. “Nilikuwa napotea nikihesabu. Hivi ni rahisi zaidi.”

Siwema alizisogeza shanga, akahesabu upesi kuliko siku zote. Akamkumbatia rafiki yake.

“Umeona, mwanangu?” alisema baba kwa upole. “Ulipoufunika ubao wako, hata wewe haukukufaa. Kifaa kizuri ni kile ambacho mwenzako anaweza kukishika, akakitumia, akakiongezea akili yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.”

Siwema alinyoosha mkono, akaomba kulabu.