Neno la Siri la Marehemu

Kisanduku cha neno la siri kwenye skrini ya kompyuta kilijijaza chenyewe saa nne asubuhi, na shahidi alikuwa mmoja tu: mama aliyefiwa na bintiye miezi mitatu nyuma. Kwa hiyo mumewe, karani mstaafu wa mahakama, hakuupokea ushahidi huo.

"Nukta nane," mkewe alimwambia kwa sauti ya chini. "Tatu haraka, akatulia, kisha tano. Mwanao alikuwa akibonyeza hivyo hivyo."

"Umeona kwa macho, mke wangu, au kwa majonzi?"

"Kwa macho, Mzee. Majonzi hayahesabu nukta."

Kompyuta ilikuwa ya marehemu. Aliiwekea mfumo huria, ule unaogawiwa bure, akajiweka msimamizi, na wazazi akawafungulia akaunti za kawaida, zisizoweza kubadili kitu bila neno lake la siri. Alikufa ghafla, hakumwachia mtu neno hilo. Folda yake ilikuwa na sauti zaidi ya mia alizojirekodi, na kila mama alipoigusa aliandikiwa: Huna ruhusa. Asubuhi hiyo, nukta nane zilipokwisha kujipanga, alibonyeza Kubali. Sauti moja ilifunguka, binti akicheka: "Mama, njoo basi, usijifanye hujasikia."

Karani alijionea mwenyewe siku ya tatu. Alikuwa amechomoa waya wa mtandao, amekagua kibodi juu na chini, kisha ameifunika kwa viganja vyake viwili. Saa nne kamili chumba kilinukia mafuta ya nywele ya bintiye, na vitufe vikaanza kuzama chini ya viganja vyake, kimoja baada ya kingine, vyenye joto kama vilivyotoka tu kuguswa. Mkewe alikwisha kubonyeza Kubali.

Ilimchukua wiki mbili kuona kwamba kila sauti iliyofunguliwa ilikuwa na malipo yake. Kwanza barua za mama zilizokuwa ndani ya kompyuta zilimkataa. Kisha kabati la nguo, ambalo mkono wake ulisimama shubiri moja mbele yake kana kwamba hewa yenyewe imegandishwa. Kisha mlango wa chumba cha kulala, hata akawa analala sebuleni kwenye mkeka, uso ameuelekeza kwenye skrini iliyozimwa, akinong'ona na kutulia, akinong'ona na kutulia, kama mtu anayejibiwa. Mpaka jioni moja alipotaka kulishika shavu la mumewe, na mkono ukasimama pale pale, shubiri moja, naye akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Kesho yake karani alimwita fundi wa kompyuta, mwanamke aliyekuwa rafiki wa marehemu.

"Baba, mimi ni fundi," alisema baada ya kusikiliza. "Cheti cha majini sina."

"Nami sijakuambia ni jini. Nimekuambia nilichokiona."

Fundi aliiwasha mashine kwa njia ya uokoaji, ile inayompa fundi usimamizi bila kuulizwa neno la siri, akasoma kumbukumbu za mfumo. Alipomaliza hakuwa na utani tena.

"Nimebadilisha neno la siri mara tatu. Linajulikana kabla sijamaliza kuliandika. Nimenakili sauti, na kila nakala inatokea ikiwa mali ya msimamizi yule yule. Imebaki kumfuta, baba. Akaunti pamoja na folda yake."

"Je, kama ni mwanangu kweli?"

"Mwanao angemfungia mama yake mlango?"

Katika hoja zote za mwezi ule, hiyo peke yake karani hakuweza kuipangua. Alichuchumaa kando ya mkeka. "Sitafuta bila kauli yako."

Mkewe aliinuka akakaa. "Jana aliniita kwa jina langu," alisema. "Mwanangu hakuwahi kuniita kwa jina, hata kwa mzaha. Najua si yeye, Mzee. Lakini sauti ni yake."

"Nifanyeje?"

"Futa. Wangu mkono haufiki."

Skrini iliuliza kama ana hakika. Kidole chake kilipokuwa kinashuka, spika zilizokuwa zimezimwa ziliita mara moja tu, karibu kabisa na sikio lake: "Baba." Hakukirudisha kidole.

Usiku ule mama alilala kitandani mwake, na alfajiri mkono wake ulifika shavuni mwa mumewe. Saa nne ilipita bila kisanduku na bila harufu. Fundi alikagua mara mbili, akakataa chai, akaondoka.

"Hebu niigie," mama aliomba walipobaki wawili, "alivyokuwa akiniita kutoka mlangoni."

Karani alifumbua kinywa. Maneno aliyakumbuka yote, lakini kila neno lilimjia kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya kizee. Alirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, hadi utoto wa binti, akitafuta hata kikohozi, asikute kitu. Sauti iliyobaki kichwani ilikuwa moja tu, safi, karibu kabisa na sikio, ikisema Baba.

"Nimesahau," alimwambia mkewe, akamshika mkono.