Bahasha ya Saba Niliichana Mimi

—Ichane!

—Dada, si yangu.

—Mchumba ni wako, si wako?

—Ni wangu.

—Basi na bahasha ni yako. Ichane tujue moja!

Ndivyo dada yangu alivyonitia wazimu Jumanne ile asubuhi, ndani ya karakana yangu, katikati ya friji mbili nilizozifungua migongo. Yeye ni fundi cherehani, chumba chake kinapakana na changu, na masikio yake yanapenya ukuta. Mimi natengeneza friji. Ng'ambo ya barabara kuna posta, na mchumba wangu, mtunza maktaba wa shule ya wasichana, alinipa ufunguo wa sanduku lake la barua niwe namchukulia, maana yeye akitoka kazini posta imeshafungwa.

Sasa jamani, nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Ndani ya wiki tano nilikuwa nimeshamchukulia bahasha sita, na hii ilikuwa ya saba. Zote nyeupe, zote za ukubwa mmoja, zote zina stempu ileile: mama mmoja kajifunga kitambaa kichwani, kashika kibao cha kuandikia. Mwandiko wa anwani ni mmoja, umesimama wima kama askari wa gwaride. Lakini mihuri! Kila mhuri na mji wake. Tena zilikuwa nyepesi mno, kama hazina barua ya maana.

—Mtu mmoja, miji saba, dada akasema huku akihesabu kwa vidole. Huyo ni dereva wa lori.

—Dereva wa lori na mwandiko huu?

—Basi muuza dawa. Wale wana mikoba na wanazunguka. Mdogo wangu, siku za mwizi ni arobaini, na leo ni ya thelathini na tisa. Jumamosi ya wiki ijayo tunapeleka posa! Unataka wazee wetu wakaaibike?

Hapo kwenye posa ndipo aliponiweza. Nilimpenda yule binti mpaka nikawa naongea na kompresa peke yangu. Kichwa kikanipanda moto. Nikachukua bisibisi, nikaipenyeza kwenye kona ya bahasha, nikavuta kwa hasira. Ikapasuka vibaya, kutoka kona mpaka katikati ya stempu. Yule mama wa kwenye picha akabaki nusu huku, nusu kule.

Ndani mlikuwa na kadi nyeupe. Nikaigeuza. Nyeupe. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, hakuna hata nukta.

—Tupu, nikasema.

—Tupu? Dada akaninyang'anya, akainusa. Hata marashi haina. Lo! Hawa ni wazoefu. Wanatumiana ishara.

—Ishara ya nini?

—Ningejua ingekuwa ishara?

Nikaandika ujumbe: "Leo nimejua kila kitu. Bahasha ya saba nimeifungua." Jibu likaja kabla sijaiweka simu mezani: "UMEFANYA NINI?" Kisha simu ikaita.

—Fundi, niambie unatania.

—Sitanii. Ni nani huyo?

—Niambie umeifungua pembeni, taratibu.

—Nimeichana! Nijibu, ni nani?

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, halafu sauti yake ikarudi, ndogo, ya mtu anayejizuia.

—Niletee hapa maktaba. Sasa hivi.

Moyoni nikasema, huyu leo kashikwa.

Nilimkuta nyuma ya meza yake, anagundisha jalada la kitabu kilichochakaa. Nikaitupa bahasha mbele yake. Hata hakunitazama. Aliitazama bahasha, akazisogeza zile nusu mbili kwa ncha za vidole mpaka zikakutana.

—Mwandiko huu ni wa nani? nikauliza kwa sauti ya kiume kabisa.

—Huujui?

—Nitaujuaje mwandiko wa wanaume zako?

Akavuta karatasi, akachukua kalamu, akaandika jina lake na namba ya sanduku lake bila haraka. Herufi zikasimama wima, moja moja, kama askari wa gwaride. Nikatazama karatasi, nikatazama bahasha.

—Miaka miwili, Fundi. Miaka miwili tunatumiana meseji, umekula, umelala, umeamka, na hujui mwandiko wangu. Wala hukuwahi kutamani kuuona.

—Kwa hiyo... unajiandikia mwenyewe?

—Najiandikia. Huyu mama wa kwenye stempu ndiye aliyeanzisha shule za wasichana, enzi ambazo msichana kushika chaki ilikuwa aibu. Alifungua shule saba, miji saba. Stempu yake ilipotoka nikaandika bahasha saba, nikaituma kila moja kwa posta ya mji wake, nikaomba waigonge mhuri vizuri na kunirudishia. Hiyo kadi ni ya kuzuia bahasha isijikunje. Wakusanyaji stempu wote wanafanya hivyo.

—Sasa kwa nini hukuniambia?

—Nilikuambia! Siku ya fainali. Nikakueleza mwanzo mpaka mwisho, ukaruka ukasema "safi sana!" Nikafurahi, nikadhani ni mimi. Kumbe ni goli.

Nikakuna kichwa.

—Na nikuulize, Fundi. Ningekuwa na mwanamume, ufunguo wa sanduku ningempa nani? Wewe?

Hapo nikawa mdogo kama sisimizi.

—Nitakutafutia nyingine, mpenzi. Naapa.

—Nyingine haipo. Posta ya mji huu wa saba ilifungwa Ijumaa iliyopita, na huu mhuri uligongwa siku ya mwisho kabisa. Ndiko huyu mama, Mwalimu wetu, alikoanzia, ghalani, na wasichana tisa. Bibi yangu alikuwa wa tisa. Nilitaka azione zote saba pamoja kwenye maonyesho ya shule.

—Nisamehe.

—Karatasi ningekusamehe leo hii. Lakini ulimtafuta mwanamume ndani ya bahasha kabla hujaniuliza mimi. Posa msilete.

—Usiseme hivyo...

—Msilete, Fundi.

Akarudi kwenye gundi yake. Nilitoka nje nikiwa sijui hata nimeingilia mlango gani.

Siku mbili nilimtumia meseji za kuomba radhi, za asubuhi, za mchana, nyingine ndefu kama hotuba. Hakujibu hata moja. Dada akaniletea chai, akasema, "Mimi nilisema tu, sikukushika mkono." Alhamisi nikafunga karakana, nikapanda basi kwenda huo mji wa saba.

Posta yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Mama wa posta alikuwa anafungasha mizani na vitabu kwenye kasha la mbao.

—Shikamoo, mama.

—Marahaba, mwanangu. Tumefunga.

—Nahitaji mhuri mmoja tu. Wa Ijumaa iliyopita.

—Leo siku gani?

—Alhamisi.

—Basi umeshajijibu.

—Mama, mhuri si huo hapo kwenye kasha? Ukirudisha tarehe nyuma, ukagonga, nani atajua?

—Mimi nitajua, na wewe utajua. Na huyo unayempelekea akikuuliza, itabidi umdanganye. Umemkosea nini?

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye bisibisi akaketi juu ya kasha, akashika mbavu kwa kicheko.

—Yule binti wa mwandiko wima? Kaniandikia barua nzuri, eti nigonge taratibu, mhuri usimfunike Mwalimu uso. Nikaupuliza wino mpaka ukakauka. Kumbe wewe unamsubiri na bisibisi!

—Nimekosa, mama.

—Na huyo Mwalimu, unamjua?

—Ndiyo... alikuwa mwalimu.

—Ehe? Wa vipi?

Nilikuwa nimembeba mara saba, kutoka sandukuni hadi kwa mchumba wangu, na sikujua hata jambo moja juu yake.

—Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Vuka barabara, lile ghala liko wazi. Nenda ukaone kabla basi lako halijaja.

Ghala lilikuwa tupu, linanuka magunia ya zamani. Ukuta mmoja ulikuwa umepakwa rangi nyeusi, ukawa ubao. Ila kitu kimoja kilinishangaza. Nikausogelea, nikajipima nao, nikachuchumaa, nikasimama tena. Mtu wa ufundi akiona kipimo kisichoeleweka hatulii. Nikatoa simu, safari hii sikuomba radhi. Nikaandika: "Kwa nini ubao uko chini hivi? Ukingo wake wa juu unanifika kiunoni."

Simu ikalia mlio wa ujumbe papo hapo. Siku mbili za kimya, leo papo hapo!

"Umeuona???"

"Niko ndani ya ghala."

"Walikuwa wanakaa sakafuni, hapakuwa na madawati. Mwalimu naye alipiga magoti kuandika."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Bibi anasema nguo zake zote zilikuwa na viraka magotini."

Nikapiga magoti pale sakafuni, nijaribu. Ndani ya dakika tano saruji ilinitoa machozi. Nikiwa nimeinama hivyo, akapiga simu.

—Ulifuata nini huko?

—Mhuri wa uongo.

—Umeupata?

—Mama wa posta kaninyima.

—Ungeniletea, ungekuwa ndio mwisho wetu. Ukuta una maandishi yoyote?

—Kuna mikwaruzo. Nakupigia picha. Lakini mwenzangu, chaki walitoa wapi?

Akaanza kunieleza, na mimi nikamsikiliza, hata basi la kwanza likaniacha. Mwisho akasema:

—Maonyesho ni Ijumaa ijayo. Ile uliyoichana naiweka vilevile, imechanika. Na wewe utasimama kando yake tangu asubuhi. Kila atakayeuliza nani kaichana, umjibu. Ukweli mtupu.

—Kila mtu?

—Kila mtu. Bibi yangu akiwemo.

—Na posa?

—Kwanza simama, Fundi.

Nikasimama. Bahasha saba zilipangwa chini ya kioo pale maktaba, na mimi kando ya ile ya saba nimevaa shati la kanisani la rafiki yangu. Mkuu wa shule aliuliza, nikajibu. Walimu wakauliza, nikajibu. Wasichana wa shule walirudi mara tatu tatu kuuliza kwa makusudi, wakikimbilia nyuma ya rafu kucheka. Dada yangu alipoingia nikamnyooshea na yeye kidole kuwa ndiye aliyenichochea, akajifanya anasoma kitabu cha kemia.

Saa nane mchana Bibi akaingia. Akavaa miwani, akaanza bahasha ya kwanza, akasoma kila kibandiko bila kuruka neno. Alipofika ya saba akasimama.

—Nani kaichana hii?

—Shikamoo, Bibi. Ni mimi.

—Marahaba. Kwa nini?

—Nilidhani ndani mna mwanamume.

Wasichana wakaacha kucheka. Bibi akanitazama juu ya miwani yake muda mrefu, na mimi sikukwepesha macho, ingawa nilitamani ardhi ipasuke.

—Baba yangu alichana daftari langu kwa sababu hiyohiyo, akasema. Alisema binti akijua kuandika atawaandikia wanaume. Alikuja pale ghalani, akalichana mbele ya wenzangu wanane, akanishika mkono tukaenda nyumbani. Nilikuwa nimesoma wiki tatu.

Mchumba wangu akasogea.

—Wiki tatu? Bibi, si ulimaliza?

—Nilimalizia jikoni kwetu. Mwalimu alikuwa anakuja kila siku kununua yai moja. Akishachagua yai lake, ananiandikia herufi kwenye majivu ya jiko, nazifuata kwa kidole, nazifuta kabla baba hajaingia. Miaka minne. Yule mama alikula mayai mengi sana.

—Hukuniambia hata siku moja!

—Hata siku moja hukuniuliza habari zangu, mjukuu wangu. Ulikuwa unaniuliza za Mwalimu.

Machozi yakamtoka mchumba wangu waziwazi mbele ya wanafunzi wake. Akanitazama, nikajua anakumbuka maneno aliyonitupia mimi mezani pale pale, kwamba sikumuuliza yeye kwanza. Kisha mkono wake ukaja ukautafuta wangu, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne, nami nikaushika kwa nguvu zote.

—Baba alikufa hajasema amekosa, Bibi akaendelea. Wewe leo umesema mara ngapi?

—Nimepoteza hesabu, Bibi.

—Basi wazee wako waje kesho. Mjukuu wangu, unasemaje?

—Waje, Bibi, akasema huku akijifuta macho. Waje mapema.

Nyuma ya kitabu cha kemia dada yangu akapiga kigelegele, mkuu wa shule akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Mimi nilikuwa nimeshamvutia Bibi kiti.

—Bibi, kwenye yale majivu, Mwalimu alianza na herufi gani?

Bibi akaketi, akavua miwani, akaishika mapajani.

—Hakuanza na herufi. Alianza kwa kuniuliza nataka kuandika nini. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza nataka nini.