Edina Achagua Upya

Edina alifagia ua, akakamua mbuzi, kisha akainjika maziwa jikoni. Aliyaacha mpaka yakachemka vizuri. Nyumbani kwao Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma, hakuna aliyekunywa maziwa mabichi tena tangu baba yake alipougua.

Ulikuwa mwezi wa Septemba. Upepo wa kiangazi ulipeperusha vumbi jekundu mpaka ndani ya nyumba. Mama yake, Ruthu, alikaa barazani akipepeta mtama. Baba yake, Sostenes, alikuwa anakarabati zizi.

Edina alikuwa amemaliza kidato cha sita. Alisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Baiolojia alipata C. Kemia na Fizikia alipata D. Hilo ni daraja la pili. Matokeo yalipotoka, Sostenes alichinja mbuzi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliwaambia wenzake, "Mwaka huu nyumba yangu inatoa daktari."

Edina alifungua kwenye simu mwongozo wa kujiunga na vyuo vikuu. Alisoma sifa za kusomea udaktari. Akajitazama, akaona anazo. Akaomba vyuo vitatu, na vyote aliomba udaktari.

"Usiandike kitu kingine," baba yake alimwambia. "Ukiandika kingine watadhani hujiamini."

Asubuhi hiyo majibu ya awamu ya kwanza yalitoka. Edina aliweka sufuria chini, akafungua simu. Chuo cha kwanza: hujachaguliwa. Cha pili: hujachaguliwa. Cha tatu pia.

"Vipi?" Ruthu aliuliza.

"Nimekosa, mama."

"Vyote?"

"Vyote."

Kabla hajakaa, simu iliita. Alikuwa Aneth, rafiki yake wa shule. "Edina! Nimepata uuguzi! Wewe je?"

Edina alimpongeza. Alimpongeza kwa moyo, maana Aneth alikuwa mtu wake wa karibu. Lakini alama za Aneth zilikuwa chini ya zake. Alipokata simu alikwenda nyuma ya zizi, akalia.

Sostenes alimkuta huko. Alikasirika, ingawa si kwa binti yake. "Wamekuonea," alisema. "Sifa si unazo? Awamu ya pili ikifunguliwa, tuma tena vilevile."

"Baba Edina," Ruthu aliita kutoka barazani, "kabla hajatuma, tumuulize dada Asma."

Asma alikuwa jirani yao. Kwao ni Tanga. Alikuwa anafanya kazi mjini Dodoma, katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja. Hiyo ndiyo ofisi inayopokea maombi na kuchagua wanafunzi. Jumamosi mchana alifika, ushungi wake umejaa vumbi.

"Mbukwenyi!" alisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, dada, karibu," Ruthu alijibu akicheka. Asma alipenda kusalimia hivyo, ingawa maneno mengine ya Kigogo hakuyajua.

"Shikamoo, mama," Edina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako ameniambia. Pole. Hebu nieleze uliombaje."

Edina alimweleza. Asma alisikiliza mpaka mwisho.

"Sifa anazo," Sostenes alidakia. "Zimeandikwa. Sasa kwa nini wamemwacha?"

"Ni kweli anazo, baba Edina. Lakini ile iliyoandikwa ni sifa ya chini. Inakuruhusu kuomba. Haikupi nafasi. Tuseme chuo kina nafasi mia moja za udaktari. Wanaomba watu elfu mbili, na wote wana sifa. Tunaanza na wenye alama za juu. Mia wakijaa, tumefunga."

"Na mwenye D?"

"Kwenye udaktari, mara nyingi anabaki nje. Hakuna aliyemwonea. Wamemtangulia tu."

Edina aliuliza, "Sasa nitajuaje kama nina nafasi, mama?"

"Uliza mambo mawili. Kozi ina nafasi ngapi? Hilo limo kwenye mwongozo. Halafu, waliochukuliwa mwaka jana walikuwa na alama gani? Hilo wapigie simu ofisi ya udahili, au waulize wanaosoma pale. Mwaka jana si ahadi ya mwaka huu, ila utaona umesimama wapi. Na sasa tunaingia awamu ya pili. Kozi nyingine zimeshajaa. Ulizia kwanza kama nafasi zimebaki."

"Kwa hiyo niache udaktari?"

"Sijasema uache. Weka chaguo moja la kujaribu juu. Halafu weka la kiwango chako, ambalo watu wenye alama kama zako huwa wanapata. La mwisho liwe la usalama. Hapo alama zako ziwe zinazidi za wengi waliochukuliwa. Wewe uliweka yote matatu juu. Ndiyo maana yote yameanguka pamoja."

Jumatatu Edina alishinda na simu. Chuo kimoja hawakupokea. Kingine walimwambia apige baadaye, akapiga, wakamjibu vizuri. Aneth naye alimtafutia namba ya mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa pili, kijana anayeitwa Gerson. Gerson hakumficha kitu. "Udaktari hapa, darasani kwetu sijamwona mwenye D mbili," alisema. "Lakini kwenye kozi ya maabara wapo wengi wenye alama kama zako. Na wanaofaulu wapo."

Jioni Asma alirudi. Edina alikuwa tayari.

"Chaguo la juu ni udaktari, kwenye chuo kilichobakiwa na nafasi chache," alisema. "La kiwango changu ni sayansi ya maabara ya tiba. La usalama ni usimamizi wa biashara. Hilo nitapata tu."

"Maabara?" Sostenes aliweka kikombe chini. "Mwanangu anakwenda chuo kikuu kuchukua mikojo ya watu?"

Edina alitazama chini. Ruthu ndiye aliyesema.

"Baba Edina, umesahau ile homa yako?"

"Sijasahau."

"Ulikunywa dawa za malaria mara ngapi? Ulikuwa unatoka jasho, mgongo unauma, huwezi hata kushika jembe. Nilikuwa nakugeuza kitandani kama mtoto. Ni nani aliyejua kwamba ni ugonjwa wa maziwa mabichi?"

Sostenes alifikiri. "Hospitali walijua."

"Daktari alisema hawezi kujua mpaka damu ipimwe. Akaipima yule dada wa maabara. Majibu yakarudi, ndipo daktari akajua akupe dawa gani. Bila yule dada, mimi leo ningekuwa mjane."

Sostenes alijikuna kidevu. "Kumbe ndiyo kazi yenyewe?" alimuuliza Edina.

"Ndiyo yenyewe, baba."

"Na wewe unaitaka?"

"Naitaka. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Mzee alichukua tena kikombe chake. "Iandike," alisema.

Asma akamgeukia Edina. "Bado nina swali. Ukikosa udaktari, ukakosa na maabara, ukapata usimamizi wa biashara peke yake, utakwenda?"

Edina alisita. "Kwa kweli, mama... nitakaa nyumbani."

"Basi hilo si chaguo la usalama. Umejazia nafasi tu, na umemnyima mwingine. Chaguo la usalama ni lile unaloweza kupata, unaloweza kulipia, na ambalo ukilipata utafunga begi ukaenda. Tafuta lingine."

Edina alifungua mwongozo tena. Walilinganisha kozi moja moja. Moja haikuwa na nafasi. Nyingine ada yake ilikuwa kubwa, Ruthu akatikisa kichwa. Hatimaye Edina alisimama kwenye afya ya mazingira. Alisoma kwa sauti wanachojifunza: usalama wa maji, vyoo, machinjio, na kuzuia kipindupindu.

"Hii je?" Asma aliuliza. "Utakwenda?"

Edina alitazama madumu ya maji yaliyopangwa ukutani. Maji hayo waliyanunua kwa mwenye mkokoteni, na hawakujua yalichotwa wapi. "Hii nitakwenda," alisema. Safari hii hakusita.

Maombi yalitumwa. Siku za kusubiri zilikuwa ngumu. Edina alifagia ua, akachunga mbuzi, akapika ugali na mlenda. Kila simu ilipolia, nyumba nzima ilimtazama.

Majibu yalipotoka, udaktari alikosa. Aliliangalia tena neno hilo. Lilimuuma, hata kama alikuwa amejiandaa. Kisha akaisogeza orodha chini. Maabara: umechaguliwa. Afya ya mazingira: umechaguliwa.

"Mama! Baba! Nimepata mbili!"

Ruthu alipiga vigelegele. Sostenes alitoka zizini mbio, nyundo ingali mkononi.

Edina alimpigia Asma. "Hongera, mwanangu," Asma alisema. "Sasa thibitisha moja kabla muda haujaisha. Ukichelewa, chuo kitampa mwingine nafasi yako. Ile unayoiacha nayo itamfaa mtu."

Edina alithibitisha maabara siku hiyohiyo.

Alipokuwa chuoni, Sostenes alimpigia simu kila Jumapili. Mwanzoni aliuliza mambo ya chakula na malazi tu. Jumapili moja alimsikia binti yake akiongea haraka haraka, kama mtu aliyebeba habari.

"Baba, juzi tumetumia hadubini. Kile chombo kinachokuza vitu vidogo."

"Mmepima nini?"

"Damu. Kila mtu alipima tone la damu yake."

Sostenes alisogeza simu karibu zaidi na sikio. "Ya kwako umeiona?"

"Nimeiona, baba."

"Ikoje?"

Edina alicheka. "Nzuri, baba. Nzuri sana."