Gia ya Pili Haikuchomoka

"Mzinga kwa Nyigu. Mgonjwa yuko kitandani?"

"Yuko. Tumbo limeshapasuliwa."

Nyigu alinong'ona huku ameinamia beseni la dizeli, nyuma ya ukuta wa kuoshea vyuma. Kipokezi kilikuwa sikioni, chini ya kitambaa cha kichwa. Mgonjwa alikuwa Peugeot 404 ya zamani, rangi ya maziwa, iliyopandishwa juu ya jeki katikati ya gereji. Tumbo lilikuwa giaboksi yake. Mkiani mwa giaboksi hiyo kulikuwa na kijumba cha siri chenye chupa nne za sumu, na chupa moja tu kwenye tangi la maji la mji ingetosha kuujaza makaburi.

Aliishika brashi kwa mikono miwili, isimponyoke.

Upande wa pili wa ukuta alikaa mwenye gari. Walimwita Bwana Glovu, kwa vile hakushika usukani bila glovu nyeupe. Alikuwa kwenye stuli, gazeti limefunika bastola ya Glock mapajani. Klachi ilimfia njiani asubuhi ile. Hakujua kwamba Idara ya Usalama, waajiri wa Nyigu, ndiyo iliyoiua, tena karibu na gereji ya fundi pekee aliyeyaweza magari hayo. Klachi haibadilishwi bila kushusha giaboksi, na fundi huosha chuma kabla hajakirudisha. Dizeli na suti havipatani, hivyo Bwana Glovu hakuusogelea ukuta.

Chini ya gunia ilisubiri giaboksi pacha. Idara iliifananisha na ile kwa kila kovu, hata kwa ugonjwa wake: gia ya pili ilikuwa ikichomoka yenyewe, dereva akalazimika kuushikilia mkono wa gia kama kamba ya mbuzi mkorofi. Chupa za humo zilijaa maji ya bomba. Kando yake kilibandikwa kifaa cha kufuatilia, kidogo kama kifungo cha shati.

Fundi alikuwa mjomba wake Nyigu, aliyemlea tangu mama yake afariki. Jana yake aliuliza kwa nini mtu huyo asikamatwe tu. Nyigu akamweleza kwamba huyu ni mkia. Kichwa kingepatikana akiondoka mwenyewe, ameridhika, kwenda kwa wakubwa wake. Mzee akakubali. Usiku kucha Nyigu hakupata usingizi, maana mambo yakiharibika, wa kwanza kufa angekuwa huyo aliyelala chini ya gari.

Akabadilisha. Ya sumu chini ya gunia, pacha juu ya toroli.

Mjomba akaifunga kimya kimya, nati baada ya nati. Jeki zikashuka.

Bwana Glovu akazunguka uani kuijaribu. Gia ya kwanza. Ya pili. Mkono wake ukaubana mkono wa gia kwa mazoea.

Kisha akauachia.

Gia haikuruka.

Gari likasimama. Akashuka, gazeti likabaki kitini. Bastola haikubaki.

"Gia ya pili haichomoki."

Nyigu akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama sakafu. Ndipo Nyigu alipoelewa. Alimkataza mara tatu: iache hivyo hivyo mbovu. Lakini mzee huyo hajawahi kufunga giaboksi mbovu maishani mwake, na jana alipoachwa na ile pacha peke yake, aliiponya. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Mliifungua?"

 Nyigu aliogopa kama hajawahi kuogopa, akajua akisita mara moja tu wamekwisha. Akaenda polepole kwenye pipa la spea chakavu, bastola ikimfuata mgongoni. Akatoa raba nene iliyokatika katikati. Ya gari gani, Mungu ndiye ajuaye.

"Kuifungua ni kazi ya siku mbili, bosi. Hii ndiyo iliyokuwa inakusumbua, raba ya kushikilia giaboksi. Ikikatika giaboksi inacheza, gia inaruka. Tumekuwekea mpya. Hii ya zamani ni yako. Mteja wetu haondoki bila spea yake."

Akamwekea kiganjani. Oili nyeusi ikaanza kuingia kwenye glovu nyeupe.

"Mngeniambia kabla."

"Tungekwambia, bosi," Mjomba akasema kwa sauti kavu, "lakini ulisema una haraka."

Bwana Glovu aliigeuza raba, akautazama mkato. Akaitupa, akaivua glovu kwa kinyaa, akapanda gari. Alitoka getini kwa gia ya pili, mkono mmoja tu, ule wenye glovu, kwenye usukani.

"Nyigu kwa Mzinga. Mgonjwa ameruhusiwa."

Jua lilikuwa bado kali jibu lilipokuja. Watu saba na mkubwa wao wa kigeni wamenaswa ghalani, jirani na tangi la maji la mji, wakiwa na chupa za maji ya bomba mikononi.

Mjomba alikaa juu ya tairi.

"Nisamehe, mwanangu. Nilijaribu kuiacha. Nikashindwa."

"Ungetuua, Mjomba."

"Najua. Lakini uliisikia ile gia ilivyoingia?"

Nyigu akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Watu wa maabara walipofika kuchukua ile sumu, walimwona akitoka getini kwa miguu, mikono mfukoni, akilipita gari lake mwenyewe bila hata kulitazama. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba yule dada hana woga hata chembe.

 Lakini Mjomba alijua gari lile haliondoki bila kukanyagwa klachi, na mguu wa kushoto wa mpwa wake ulikuwa bado unatetemeka.