Sauti ya Kumi na Moja

Wafanyakazi weusi wa machinjio walikuwa kumi, lakini asubuhi ile msimamizi mzungu alipoita majina, ziliitika sauti kumi na moja. Ya mwisho, "Yupo!", ilitoka mgongoni kwa Sajini, ikafuatwa na harufu ya udongo mbichi.

"Nani huyo, nyani wewe?"

Sajini aliinamisha macho. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, hakutaka balaa. Yeye alikuwa amerudi kutoka vitani na nishani, wakampa ufagio wa kusukuma damu. Wazungu waliorudi naye walipewa ofisi. Shukrani ya punda ni mateke.

Sauti aliijua. Kule vitani maiti za askari weusi zilitupwa shimoni kama taka. Rafiki yake Nundu alipouawa, Sajini alimficha handakini, akitafuta nafasi ya kumzika kama mtu, na kila jina la Nundu lilipoitwa aliitika kwa niaba yake: "Yupo!" Siku tatu alifanya hivyo. Siku ya nne, kabla hajafungua kinywa, Nundu aliitika mwenyewe.

"Nakuuliza!" Msimamizi alimchapa mnyororo usoni, damu ikaruka. Ndoano za nyama zikaanza kugongana, polepole, kisha kwa kasi, harufu ya udongo ikajaa kooni mwa kila mtu, na msimamizi akanyanyuliwa na mikono isiyoonekana, akirusha miguu, akimlilia mama yake, mpaka ndoano ikamwingia chini ya kidevu ikatokea mdomoni, na bado akavutwa juu, juu, hadi taya likaachana na uso.

Sajini alikimbilia nyumbani. Mzungu akifa, lazima apatikane mweusi wa kulaumiwa. Alimsimulia mkewe yote, naye akamwita shangazi yake, mganga.

"Mwanangu, huyo si Nundu," mganga alinong'ona. "Umempa jini jina la kuvaa. Mkane sasa hivi."

"Nikimkana, Shangazi, nani atamkumbuka?"

"Una mtoto njiani. Chagua."

Sajini akalia kama mtoto. "Nundu hayupo," akasema. "Alikufa."

Vioo vya dirisha vilipasuka, upepo ukatoka nje, nyumba ikatulia. Mganga alishusha pumzi. Mkewe akacheka kwa woga, akajipapasa tumbo, akamuuliza mtoto:

"Mwanangu, umeshtuka? Upo?"

Ndani ya tumbo, sauti nzito ya kiume ikaitika:

"Yupo!"