Pilau Iliyoitangulia Kura

Mwatime huamka kabla ya adhana ya simu yake kulia. Huswali, huvuta uradi, kisha huteleka chai ya tangawizi. Humimina vikombe viwili. Kimoja chake. Cha pili sasa ni cha bintiye Rahma, lakini kwa miaka mingi kilikuwa cha mumewe, marehemu Badawi.

Mama na binti wanakaa ghorofa ya pili mjini Greenbelt, jimbo la Maryland, Marekani. Siku tano za wiki Mwatime hupanda treni na basi kwenda Oxon Hill. Huko anamhudumia bibi mmoja mwenye miaka tisini na mbili. Humwogesha, humlisha, humsikiliza. Ni kazi ya mgongo na subira, naye humshukuru Mungu kwa yote mawili.

Badawi alikuwa akisubiri uraia kwa miaka. Alikuwa akisema, "Siku tukiapa, Mwatime, tutakwenda kupiga kura tumevaa nguo za Idi. Watu watuulize kuna harusi wapi!" Mungu alimchukua miezi minne kabla ya kiapo. Mwatime akaapa peke yake. Kadi yake ya mpiga kura ilipoletwa na posta, hakuisoma. Aliibusu, akaitia mkobani pamoja na tasbihi ya mumewe. Moyoni alisema, kura hii ya kwanza nitaipiga kwa ajili yetu sote wawili.

Mwaka wa uchaguzi ukafika. Siku moja, akikunja nguo, alimsikia kwenye televisheni gavana mmoja anayetaka urais. Jina lake Merrow. Gavana alisema, "Wanaowalea wazee wetu majumbani ni watu wa heshima. Tusiwasahau." Mwatime akaacha shati mkononi. Hakuwahi kusikia mkubwa yeyote akiitaja kazi yake. Papo hapo akaweka nadhiri: "Ya Rabbi, huyu akishinda, nitapika pilau niwalishe watu arobaini."

Theluji ilipokuwa bado chini, majimbo ya mwanzo yakapiga kura za mchujo. Gavana Merrow akashinda jimbo la kwanza. Wiki iliyofuata akashinda la pili.

"Mama, Gavana wako ameshinda tena!" Rahma alisema.

Mwatime akaanguka sijida ya shukrani palepale kwenye zulia. Kwao Msambweni, pwani ya Kenya, mchujo wa chama kikubwa ndio mambo yote. Mtu akiushinda, huanza kuitwa mheshimiwa siku hiyohiyo. Uchaguzi wenyewe huwa kama kupaka hina mkono ulokwisha kuolewa. Basi Mwatime hakuuliza lolote. Aliagiza mchele, nyama na gunia dogo la viazi. Akawaalika kina mama wa msikitini. Jumamosi asubuhi akamgongea jirani wa mlango wa pili, Genoveva, aje amsaidie kumenya.

Genoveva ni Mkatoliki kutoka Bukoba, mchangamfu, mwenye sauti ya kusikika hadi ngazini. Ameshafanya kazi katika vituo vya kupigia kura mara tatu.

"Mama Rahma, sufuria hili ni la harusi au la jeshi?" Genoveva aliuliza akivuta kiti.

"La nadhiri, shoga yangu. Gavana ameshinda."

"Ameshinda nini?"

"Urais! Wewe huoni taarifa?"

Genoveva aliweka kisu chini. Alitaka kucheka, lakini akauona uso wa mwenzake, akajizuia.

"Dada yangu, Gavana ameshinda majimbo mawili. Urais bado uko mbali. Hata tiketi ya chama chake hajaipata."

Mwatime aliacha kukata vitunguu. Kitunguu kilikuwa kinamliza, lakini sasa hakujua kama ni kitunguu. "Watu arobaini wanakuja, Genoveva. Nimewaambia ni pilau ya ushindi."

"Tutawaeleza. Kwanza nikueleze wewe." Genoveva akamwaga viazi mezani, akahesabu hamsini. "Mgombea hachaguliwi kwa hesabu ya majimbo. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kwenda kwenye mkutano mkuu wa chama. Chukulia hivi viazi hamsini ndio wajumbe wote wa nchi. Kupata tiketi ya chama unahitaji zaidi ya nusu. Vingapi?"

"Ishirini na sita."

"Sawa. Sasa, majimbo mawili ya mwanzo ni madogo. Yote kwa pamoja hayafiki viazi viwili. Hata hivyo vyenyewe hakuvichukua vyote, kagawana na wenzake."

Mwatime alitazama kiazi kimoja ambacho Genoveva alikitenga pembeni kuwa cha Gavana, kisha lile rundo. "Kumbe! Basi mbona wanapiga kelele hivyo? Ushindi huo hauna maana?"

"Una maana, tena kubwa." Genoveva alinusa juu ya sufuria, nyama ilikuwa imeanza kuiva na bizari. "Unasikia harufu hii? Imefika mpaka kwangu. Jirani ambaye hakualikwa sasa anajiuliza kuna nini. Ushindi wa mwanzo ni harufu ya pilau. Magazeti yanakuja. Wachangiaji wanakuja. Vijana wa kugonga milango wanakuja. Wagombea dhaifu wanakata tamaa na kutoka, na watu wao wanatafuta pa kwenda. Wengi walioanza hivyo wamefika mbali. Lakini harufu haishibishi mtu. Wapo walioshinda mwanzo wakaanguka katikati. Na wapo walioanza vibaya wakaja kuchukua tiketi."

"Na akiipata tiketi?"

"Hapo ndipo anakutana na mgombea wa chama kingine, Novemba. Nusu ya safari."

Mwatime akashika shavu. "Na sisi hapa Maryland?"

"Zamu yetu ni huko mbele. Kadi yako iko wapi?"

Mwatime aliitoa mkobani. Genoveva aliisoma, akaisoma tena.

"Umeandikwa huna chama."

"Nilikataa mwenyewe. Chama kiliwagombanisha kaka zangu wawili. Mpaka mama yetu anazikwa walikuwa hawaongei. Niliapa chama kisiingie nyumbani kwangu."

"Nakuelewa. Lakini katika jimbo letu hili, mchujo wa urais wa chama hupigwa na walioandikishwa chama hicho tu. Ukifika huna chama, hutapewa karatasi yenye jina la Gavana. Na siku ya kura huwezi kubadili. Mwisho ni wiki tatu kabla. Kuandikwa chama si ndoa, Mama Rahma. Novemba utampigia umtakaye, wa chama chochote. Na nani umchague, hilo ni lako na Mungu wako. Mimi naonyesha njia tu."

Mwatime akarudisha kadi mkobani. "Bado kuna muda. Na kama Gavana anaenda vizuri hivi, kura yangu moja ya nini?"

Wageni wakaja. Ummu, mama mmoja mwenye ulimi, alipoelezwa aliangua kicheko. "Basi hii tunakula pilau ya rais yupi?"

"Ya Badawi," Mwatime alijibu. "Kuleni mumuombee."

Ummu aliona haya, akainua mikono. Wote wakasoma Fatiha, na pilau ikaliwa ikaisha.

Baridi ilipokwisha na miti ya micheri ikachanua maua, mambo yakageuka. Majimbo makubwa yalipiga kura siku moja, na Gavana akashindwa mengi. Wiki mbili baadaye akashindwa tena. Kwa hesabu ya Genoveva, mpinzani wake alikuwa na viazi kumi na tano, yeye tisa. Mwatime akazima televisheni.

Jumanne moja alirudi mapema kutoka kazini, akamkuta Genoveva anamsubiri kwenye ngazi.

"Leo ndiyo mwisho wa kubadili chama. Umebadili?"

"Kwa nini nibadili? Mtu wangu amekwisha. Wamesema kwenye taarifa."

Genoveva akasimama, mikono kiunoni. "Majira ya baridi uliniambia ameshinda, kwa hiyo huna haja ya kura. Leo unaniambia ameshindwa, kwa hiyo huna haja ya kura. Hebu niambie, siku ya haja ni ipi?"

Mwatime akampita kwenda mlangoni. Aliingiza mkono mkobani kutafuta ufunguo, vidole vikagusa tasbihi. Akaishika kitambo. Alimwona Badawi, na fulana yake ya kazini, akisema habari za nguo za Idi. Yule bwana alisubiri kura asiyoipata. Na yeye anayo, anaiacha iozee mkobani?

"Na kaka zangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kaka zako hawakugombanishwa na karatasi, dada. Waligombanishwa na ndimi zao. Wewe nyumbani kwako ugombane na nani? Na Rahma?"

Mwatime akacheka bila kutaka. "Twende."

Walikwenda maktaba. Rahma aliwakuta huko akitoka chuoni. Alimfungulia mama yake ukurasa wa bodi ya uchaguzi kwenye kompyuta. Mwatime aliandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa. Palipoulizwa chama, alisema Bismillahi, akachagua. Ujumbe ukatokea kwamba maombi yamepokelewa. Rahma alimkumbatia, akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba baba angefurahi.

Wiki tatu baadaye Mwatime alivaa dera la Idi la rangi ya zambarau na mtandio wake mpya. Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa shule. Alipotaja jina lake, mhudumu alilikuta kwenye orodha na kumpa karatasi. Jina la Gavana lilikuwepo. Mwatime alijaza duara taratibu, kama anayetia sindano uzi. Mashine ilipoimeza karatasi, akasema kimoyomoyo, "Badawi, tumefika."

Nje, mama mmoja mgeni alimtazama akamuuliza kama kuna harusi.

"Ndiyo," Mwatime alijibu, macho yamelowa. "Ilichelewa kidogo tu."

Gavana hakuongoza Maryland. Alikuwa wa pili. Lakini chama chake hugawa wajumbe kwa kadiri ya kura, basi hakutoka mikono mitupu. Siku ya pili asubuhi Genoveva aligonga mlango, kiazi kidogo mkononi.

"Hiki cha kwenu, cha Gavana hapa Maryland," alisema. "Wengi wamekichangia, na wewe umo."

"Atapata tiketi?"

"Sijui. Na asiyejua akisema anajua, mzimie televisheni. Mkutano mkuu ni kiangazi. Tusubiri tuhesabu."

"Nadhiri yangu ipo palepale," Mwatime alisema. "Akishinda, kushinda kwa kweli, nitawalisha arobaini. Nimeshajifunza kungoja."

"Na asiposhinda?"

Mwatime aliteleka maji ya chai, akatoa vikombe vitatu badala ya viwili. "Asiposhinda, alhamdulillahi vilevile. Niliulizwa, nikajibu. Kaa unywe chai, Genoveva. Kiazi hicho nipe, nakitia mchuzini leo."